Mkunga Chini ya Mchanga

Marcellin alitia mkono ndani ya tangi la kioo ili achote mchanga, mara kitu kikamchoma kidole kama sindano kumi kwa mpigo mmoja.

Hiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho katika nyumba ile ya Uvira. Kwa wiki mbili mkunga wa Madamu, yule samaki mrefu mwenye miiba mgongoni, hakuonekana kati ya samaki wenzake. Asubuhi ile, mbele ya mpishi na mtunza bustani, Madamu alikuwa amemwambia Marcellin kwamba ni yeye aliyemla samaki huyo. Aoshe tangi, kisha arudi kwao Runingu.

Damu ilitanda majini. Mchanga ukajisogeza wenyewe, pua iliyochongoka ikachomoza, halafu mwili mzima, wa kahawia, mnene kuliko zamani, ukapita polepole katikati ya vidole vyake.

Marcellin aligeukia mlangoni, akaita.

"Madamu! Kuya uone! Iko muzima! Ilikuwa inajificha mu mchanga!"

Madamu alikuja mbio. Alipomwona mkunga alijiziba mdomo, uso ukamwiva mpaka masikioni.

"Basi, usiende," alisema kwa sauti ndogo. "Funika tangi, uendelee na kazi."

Marcellin alitoa mkono majini. Damu ilidondoka sakafuni, naye hakuifuta.

"Minye siwezi kubakia hivi, Madamu," alisema, akashangaa kujisikia akisema hivyo. "Ita kwanza mpishi na ule wa bustani. Uwaambie kwamba sikuikula, na minye nikiwa hapa."