Mama wa Kesi

Wiki ile soko zima la Kiboriloni lilikuwa limehitimu sheria. Muuza dagaa alikuwa jaji, muuza mitumba alikuwa wakili wa serikali, na wote walibishania kesi ya ndugu wawili wa Rombo waliogombea kihamba, shamba la migomba la baba yao, hadi mmoja akamuua mwenzake kwa panga.

Mektrida alikata ndizi zake chane kwa chane. Ndugu hao wote wawili aliwazaa yeye. Alikuwa ameteremka kutoka Mkuu, kule Rombo, aje kuuza mahali asipojulikana, na hapa walimwita bibi tu.

"Serikali imekosea kumshtaki kwa kuua kwa makusudi," alisema muuza mitumba. "Aliyeona ni mama yao peke yake. Mama gani atamnyonga mwanawe kwa ushahidi wake? Wangesema kaua bila kukusudia, yaishe."

"Na marehemu alizaliwa na mgomba?" muuza dagaa alimjia juu.

Watu wakaangua kicheko. Mektrida naye alicheka, maana tangu mazishi hakuwa amecheka na mtu. Utomvu wa ndizi ulikuwa umemganda vidoleni, mweusi, akawa anausugua polepole kwa pindo la khanga.

"Bibi, hebu tuamulie." Muuza dagaa alimsogezea kigoda na kikombe cha chai. "Ungekuwa wewe ndiye mama yao, ungesema kweli au ungedanganya?"

Angeweza kutania tu, akakaa, akanywa chai na wenzake.

"Sijui, mwanangu," alisema, bado amesimama. "Nitajua Jumatatu, wakinipandisha kizimbani."