Jina la Mwisho Daftarini

Askari aliyelichomoa daftari chini ya godoro alikuwa mdogo wake mwenyewe. Demetria alisimama mlangoni mwa chumba chake cha Temeke. Mwaka mzima alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiandikisha wanawake katika chama cha kudai uhuru, akiwaapia kwamba waajiri wao hawatajua kamwe.

"Soma," inspekta wa Kizungu aliamuru.

"Nisamehe, dada," askari alinong'ona, akaanza kusoma. Kulikuwa na yaya wa Msasani. Kulikuwa na mfagiaji wa hospitali. Kila jina lilipotajwa, karani wa polisi aliyekuja nao aliliandika.

Jasho lilimchuruzika mdogo wa Demetria kutoka chini ya kofia, likidondoka karatasini na kuutawanya wino. Kidole chake kilishuka mstari kwa mstari, kikafika ukurasa wa mwisho, kikasimama.

"Hapa hapasomeki, afande."

Inspekta aliinama akatazama. "Panasomeka. Soma!"

Kijana alimwangalia dada yake. Demetria akatikisa kichwa, akalia.

"Apolonia," akalisoma jina la mama yao, na karani akachovya kalamu.