Mtani Ndani ya Kaburi

Siku ya kumzika mzee Nyoni, mtani wake Kapinga alishuka kutoka Jimbo la Anga, lile linaloizunguka dunia juu kabisa ya mawingu, kusiko na uzito. Miguu yake, isiyozoea uzito, ilitetemeka kama ya ndama. Miaka thelathini wazee hawa walikuwa wakibishana kwa simu ni jimbo la nani lenye maisha.

Kapinga akafanya kama watani wafanyavyo: akateremka kaburini, akajilaza chali. "Hamziki mtu hapa! Mtumwa wangu huyu nampeleka kwetu, kusiko na matope wala mchwa!"

Waombolezaji wakaangua kicheko. Hata mjane, Bi Sikudhani, alicheka huku machozi yakimtoka. "Haya shemeji, toka. Kuku wako wa utani utapewa."

Kapinga hakutoka. Alikuwa ameukumbatia udongo kifuani, ameduwaa.

"Shemeji, kwetu maiti huachiliwa tu angani. Mke wangu mpaka leo anazunguka. Kila baada ya siku tisini anapita dirishani pangu, na kitenge chake kilekile."

Kicheko kikakatika. Bi Sikudhani akainua macho mbinguni, akatazama kwa muda mrefu.

"Mwacheni," akawaambia wachimba kaburi. "Mwacheni alale kidogo."