Kichwa cha Samaki

Vipande sita vya bakuli vililazwa juu ya mchanga mbichi ndani ya ungo, na Nasma, bibi harusi wa Ijumaa, akaviona kwa mara ya kwanza.

"Watu saba walikula kiapo cha kumuua mfalme aliyekuwa akichoma watu kwa sababu ya dini yao," mama mkwe alimweleza. "Wakavunja bakuli, kila mmoja akashika kipande chake. Mmoja akaenda kuwasema kwa mfalme. Sita wakanyongwa asubuhi ile ile. Sisi ndio wajukuu zao. Na kizazi cha yule wa saba hatuoani nacho mpaka leo."

"Wifi, usimkodolee macho hivyo," dada wa bwana harusi alimtania. "Samaki huyo haliwi."

Watu wakacheka, na Nasma naye akacheka. Samaki wa buluu aliyechorwa alienea bakuli zima, ila kichwa hakikuwapo. Palikuwa na pengo la mchanga mtupu, upana wa kiganja.

Akalitazama kwa utulivu, kama alivyozoea kutazama mambo, huku akiukumbuka mtungi wa bibi yake kule Ngamiani, na kile kigae cha buluu kilichowekwa chini yake usiyumbe, ambacho bibi hakukubali kiondolewe hata siku ya kufagia.

Mchanga ulikuwa wa baridi. Watu wakausogelea ungo, naye asijue kwa nini.

"Mwanangu," mama mkwe alisema taratibu. "Kichwa hicho hakuna aliyekiona tangu enzi za mababu. Umejuaje kwamba samaki anatazama nyuma?"

Nasma akateremsha macho. Kidole chake kilikuwa bado mchangani, kikimalizia jicho.