Mistari Mitatu Iliyobaki

Kompyuta mbili nilizoziwasha kwa pamoja zilitoa nambari ile ile, ilhali kila moja ilipaswa kubahatisha yake. Nikazizima, nikaziwasha tena. Ile ile.

Chai yangu ilikuwa imefanya utando. Nikaukodolea macho kana kwamba una jibu.

Msimbo wa mfumo endeshi unaokoroga biti, zile sifuri na moja, kabla ya kutoa nambari ulikuwa na mistari kumi na mmoja. Mimi, bingwa wa kufupisha, niliibakiza mitatu, nikajipigia makofi mpaka paka akahama nyumba. Niliujaribu mara milioni bila nambari kujirudia, lakini kwenye mashine moja tu; kumbe ile minane niliyoifuta ndiyo iliyoipa kila kompyuta nambari zake.

Na nambari hizo ndizo funguo za siri zilizofunga barua pepe za dada yangu, mwandishi wa habari aliyejificha wanaomsaka. Sasa yeyote mwenye kompyuta kama zetu angeweza kuzifungua.

Nikampigia simu. "Dada, hama hapo sasa hivi!"

"Umeanza tena vituko vyako, kaka?" Akacheka. "Halafu hawa uliowatuma, mbona hukuniambia?"

"Nani?"

"Wanaume wanne, wako mlangoni. Wananiita Kichuguu, na jina hilo tunaliandika kwenye barua tu, mimi na wewe. Ngoja niwafungulie."