Vipepeo wa Ghala la Pamba

Kipepeo alitua kwenye kidole cha Kabula, pale pale ngozi ilipochanwa na maganda ya pamba, akatulia kama amefika kwao.

Ghala hili la Bariadi lilikuwa la ushirika. Lilipojengwa, Kabula na rafiki yake, huyu aliyekuwa naye leo, walibeba matofali kichwani. Soko huria lilipokuja, ghala likauzwa kwa tajiri, likajazwa maua na vipepeo wa maonyesho, mlango ukawekwa wavu.

“Mama, mkung’ute kabla hujatoka,” mlinzi alisema. “Vipepeo ni mali ya tajiri.”

“Na matofali, mwanangu, ni ya nani?”

Mlinzi alitazama ukuta.

Kabula alinyoosha kidole mbele, polepole. “Nishikie mlango,” alimwambia rafiki yake.

Rafiki hakuushika. Aliufungua wote, akaokota tofali pembeni, akauwekea usijifunge.