Mwendo wa Njia ya Mtoni

Ngiri alikuwa mnyama wa haraka. Siku moja, akikimbilia mtoni, alimkanyaga kifaranga wa Kanga kwenye kona ya njia na kumuua.

Mfalme Pofu, swala mkubwa aliyependa amri kali, akatangaza, "Kuanzia leo, njia yote ya mtoni ni mwendo wa kobe."

Wanyama walitii asubuhi tu. Kiu ilipowabana kule njia inakopita mbugani walianza kukimbia, na kwa kuwa amri walikwisha kuivunja, wakaivunja hata kwenye kona. Kifaranga mwingine akavunjika mguu.

Pofu akafoka, "Basi sasa mtakwenda mwendo wa konokono."

"Mheshimiwa," Kanga alisema, "naomba uiondoe kabisa amri ya mbugani."

Ngiri alimtazama mama huyo aliyefiwa, asiamini masikio yake.

"Kule ni kweupe na hakuna anayevuka," Kanga aliendelea. "Waache wakimbie. Wapunguze mwendo hapa kwenye kona tu, wanapopita wanangu. Anayeiona sababu hutii bila kufokewa."

Pofu akakubali, akaibadili amri.

Jioni hiyo Ngiri alitimka mbugani, vumbi likimfuata. Alipoikaribia kona alianza kutembea, kisha akasimama kabisa. Vifaranga walivuka mbele ya pua yake, yule mwenye mguu mbovu akiwa wa mwisho.

"Nisamehe, mama," Ngiri alisema.

"Asante kwa kusubiri," Kanga alijibu, akawafuata wanawe mtoni.